Januari, Mtoto wa Miezi Mitatu na Ovataimu ya Ghafla: Kwa Nini Washonaji Wetu Huondoka

Wanawake wanaoshona katika viwanda vya nguo hawaachi kazi kiholela. Niliketi nyuma ya overloki, mashine ya kuzungushia uzi kingo za kitambaa, kwa miaka kadhaa katika kiwanda kimoja cha sare za shule hapa Nakuru, kisha nikahamishiwa ofisi ya wafanyakazi katika kiwanda hicho hicho, na huko ndiko nilikoanza kuona kwamba barua za kuacha kazi huja kwa misimu ambayo mtu angeweza kuiandika kwenye kalenda mapema. Kulikuwa na barua za Januari. Kulikuwa na za akina mama waliorudi kutoka likizo ya uzazi, wakakaa mwezi mmoja au miwili, kisha wakaondoka. Na kulikuwa na zile zilizofuata oda kubwa, baada ya majuma kadhaa ya ovataimu. Katika nafasi ya sababu karibu wote waliandika mambo ya familia, meneja akasoma, akatia sahihi, na tangazo la kutafuta opareta wapya likabandikwa langoni juma lilo hilo.

Jibu hilo liliwaridhisha wakubwa kwa sababu lilihamisha tatizo kutoka kiwandani hadi nyumbani kwa mfanyakazi, mahali ambapo kiwanda hakina mamlaka wala wajibu. Mimi naliona vingine. Mshahara wa mshonaji ni mdogo, na makato ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), ya bima ya afya ya asilimia 2.75 na ya nyumba ya asilimia 1.5 huupunguza zaidi, lakini mwanamke aliyeikubali kazi hiyo alikijua kiwango cha mshahara tangu siku ya kwanza na akapanga matumizi yake kulingana nacho. Asichoweza kukipanga ni saa. Anajua ataingia saa ngapi, ila hajui atatoka saa ngapi, na mtu asiyejua atatoka saa ngapi hawezi kupatana na mlezi wa mtoto, hawezi kumwahidi mwalimu kwamba atafika shuleni, na hatimaye hawezi kuendelea na kazi hiyo hata kama anaipenda na anaimudu.

Msomaji ambaye hajawahi kuingia katika kiwanda cha nguo anahitaji kwanza kuelewa jinsi laini inavyofanya kazi. Suruali moja ya shule haishonwi na mtu mmoja. Kitambaa hukatwa kwa tabaka nyingi mezani, vipande vikafungwa mabando, kisha kila opareta akafanya hatua yake moja tu: huyu huunga mifuko, yule huweka zipu, mwingine hupiga overloki kingoni, mwingine hutia ukanda wa kiuno, hadi suruali ifike kwa wapiga pasi na wakaguzi. Kasi ya laini nzima ni kasi ya hatua iliyo polepole kuliko zote. Opareta wa zipu akikosekana, mabando hurundikana mbele ya kiti chake, na wote walio baada yake hukaa wakisubiri. Supavaiza humtoa mtu kutoka hatua nyingine ili azibe pengo, naye, kwa kuwa mkono wake haujazoea zipu, hushona polepole, na sehemu kubwa ya kazi yake hurudishwa ifumuliwe.

Kwa hiyo mshonaji mzoefu anapoondoka, kinachoondoka si jozi moja ya mikono. Mgeni anayechukua nafasi yake, hata akiwa amehitimu ushonaji katika chuo cha ufundi, anahitaji majuma mengi kabla ya kuifikia tageti, yaani idadi ya vipande vinavyotakiwa, ya hatua ile, kwa maana chuoni alifundishwa kushona nguo nzima kwa utulivu, ilhali hapa anatakiwa kurudia mshono mmoja siku nzima kwa kasi isiyobadilika. Katika vitabu vya hesabu gharama hiyo haina mstari wake. Upo mstari wa mishahara, wa umeme, wa uzi na vifungo, wa ovataimu, lakini hakuna unaoonyesha suruali ambazo hazikushonwa kwa sababu aliyekuwa akizishona amerudi Kakamega au amefungua kibanda cha mboga mtaani Kaptembwa. Na kwa kuwa suruali hizo bado zinadaiwa na mteja, waliobaki hubakishwa jioni ili kuzimaliza. Kuondoka kwa mmoja huzaa ovataimu ya wengine, na ovataimu hiyo huzaa barua nyingine mbili. Nimeuona mzunguko huo ukijirudia mara nyingi kiasi kwamba sikubaliani na anayesema kuwa wanawake wa huku hawajazoea nidhamu ya kiwanda.

Amri ya jumla ya mishahara nchini inasema kwamba juma la kawaida la kazi lisizidi saa 52 zilizogawanywa katika siku 6, na kwamba saa ya ziada ilipwe mara moja na nusu ya saa ya kawaida, au mara mbili ikiwa ni siku ya mapumziko au sikukuu. Bei ya saa ya ziada, basi, iko wazi. Muda wa kuitangaza umeachiwa busara ya kiwanda, na hapo ndipo busara hukosekana. Kwetu geti lilifunguliwa saa moja na nusu asubuhi, na siku ilitakiwa kwisha saa kumi na moja jioni. Ovataimu ilitangazwa saa kumi alasiri, baada ya meneja wa uzalishaji kupokea hesabu ya siku na kuona upungufu. Kwa meneja hiyo ilikuwa saa ya kawaida kabisa ya kufanya uamuzi. Kwa mama ambaye mtoto wake yuko deikea, kituo cha kulelea watoto mchana, ya mtaani Rhonda, inayofungwa saa kumi na mbili kwa sababu mwenye deikea naye ana watoto wa kupikia, ilikuwa ni taarifa ya dakika za mwisho juu ya jambo asiloweza kulibadilisha. Simu za wafanyakazi zilikuwa zimefungiwa kwenye makabati karibu na lango tangu asubuhi. Nakumbuka mmoja wao akiomba, "Madam, niruhusu nipige simu moja tu, mlezi ajue nimechelewa," na supavaiza akimjibu, "Mama, ukipiga wewe, laini yote itataka kupiga."

Supavaiza huyo hakuwa mtu mbaya. Wengi wa masupavaiza niliowajua walipanda kutoka mashine zile zile, nao walikuwa na watoto wao nyumbani, ila tageti iliandikwa kwenye ubao juu ya vichwa vyao kila saa, na swali walilokuwa wakiulizwa ni moja: vipande vingapi? Hakuna aliyewahi kuulizwa amebaki na watu wangapi wa mwaka jana. Mtu hulinda kile anachohojiwa juu yake.

Januari inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ni msimu wa ajabu kwa anayeshona sare. Mwaka wa shule huanza mwezi huo, na wenye maduka huanza kuagiza sweta, suruali, marinda na tai kuanzia Novemba. Kufikia Krismasi kiwanda huwa kimejaa kazi hadi vijiani kati ya mashine, na presha haishuki hadi watoto wawe wamerudi darasani. Majuma hayo ndiyo pia anayohitaji mshonaji kwa ajili ya watoto wake mwenyewe: kutafuta karo, kupanga foleni kwa muuza vitabu, kumpeleka wa gredi ya kwanza siku yake ya kwanza, kumsindikiza aliyeitwa shule ya bweni na sanduku lake hadi stendi. Ruhusa katika kipindi hicho haitolewi, au hutolewa kwa manung'uniko yatakayokumbukwa wakati wa kutia sahihi mkataba mpya. Matokeo yake ni kwamba mwanamke aliyeshona sare za watoto wa kata nzima humtuma jirani kumpeleka mwanawe shuleni. Wengine huvumilia. Wengine hukosa kuja siku mbili bila taarifa, na kwa kuwa wanajua watakaporudi watakuta barua ya onyo, hawarudi.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa kila mfanyakazi aliyemaliza miezi 12 ya utumishi likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi pamoja na malipo kamili. Viwanda vingi huitoa, na hilo si haba. Tatizo ni wakati wa kuitoa. Kiwanda cha sare huwapa watu likizo oda zinapopungua, yaani katikati ya muhula, watoto wakiwa darasani na mama akiwa peke yake nyumbani akifua mapazia. Likizo ipo, imelipwa, na bado haijamsaidia katika lile jambo moja ambalo alihitaji siku za kulishughulikia. Kugawanya siku hizo, hata mbili au tatu tu zikatengwa kwa zamu katika juma la kufungua shule, kungehitaji meneja aketi na orodha ya wafanyakazi mwezi wa Oktoba na kuuliza nani ana mtoto anayeanza wapi. Ni kazi ya alasiri moja. Sikuwahi kuona ikifanywa.

Kuhusu likizo ya uzazi, kifungu cha 29 cha sheria hiyo kinatoa miezi 3 kwa mshahara kamili, na mwanamke ana haki ya kurudi kwenye kazi yake au kazi inayolingana nayo. Wataalamu wa afya nao, kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, wanahimiza mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6. Hesabu hiyo haihitaji mtaalamu: kuna miezi mitatu ambayo kliniki inamwambia mama jambo moja na lango la kiwanda linamwambia jingine. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ilijaribu kuliziba pengo hilo kwa kuwataka waajiri watenge chumba cha kunyonyeshea na watoe muda wa kunyonyesha au kukamua maziwa usiozidi saa 1 katika kila saa 8 za kazi, nao uhesabiwe kuwa ni muda wa kazi unaolipwa. Kwenye karatasi ni sheria nzuri sana. Muda wa kwenda na kurudi kutoka chumbani umo ndani ya saa hiyo, kwa hiyo ikiwa chumba kiko jengo la utawala upande wa pili wa uwanja, nusu ya kila kipindi huishia njiani.

Lakini jambo lililoikwamisha sheria hiyo mahali nilipofanya kazi halikuwa umbali. Lilikuwa bonasi ya laini. Laini iliyofikia tageti ya juma ililipwa nyongeza ndogo iliyogawanywa sawasawa, na mama aliyetoka mara mbili kukamua maziwa alirudi akakuta mabando yamemngoja na macho ya wenzake yamemngoja pia. Hakuna meneja aliyemkataza kwenda. Alikatazwa na mshono uliorundikana, na pia na kijana wa mashine inayofuata aliyekuwa akiihesabu bonasi hiyo kama kodi ya nyumba. Baada ya majuma mawili aliacha kwenda, maziwa yakapungua, mtoto akaanza kupewa uji na maziwa ya ng'ombe kabla ya wakati, akaharisha, na mama akaanza kukosa kazi kwa ajili ya hospitali. Barua yake ilipofika mezani kwangu ilisema mambo ya familia. Kiwanda kingeweza kuyazuia hayo yote kwa kupunguza tageti ya laini yenye mama anayenyonyesha kwa kiasi cha saa ile moja, ili haki yake isilipwe kutoka mfukoni mwa jirani yake.

Maziwa yaliyokamuliwa nayo yana masharti. Katika joto la chumba lisilozidi nyuzi 25 hukaa salama kwa saa 4 hivi, kisha yanahitaji ubaridi. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na asubuhi zetu ni za baridi, lakini Kisumu, kandokando ya ziwa, joto la mchana huzidi kiwango hicho kwa urahisi, na chumba kimoja cha kupanga katika mitaa ya Obunga au Nyalenda mara nyingi hakina friji. Kwa hiyo chumba cha kunyonyeshea chenye kiti na pazia pekee kinamfaa zaidi mkaguzi anayekuja na fomu kuliko mama. Kinachohitajika ni friji ndogo yenye kufuli, chupa za kufungia maziwa, na njia ya kumfikishia mtoto maziwa hayo, au mtoto mwenyewe awe karibu kiasi cha kuletwa.

Wengi hawajaribu yote hayo. Suluhisho la kawaida la mshonaji kutoka magharibi ya Kenya ni kumpeleka mtoto kwa nyanya yake, Busia, Siaya, Vihiga au Bungoma, mara tu anapoachishwa ziwa au hata kabla. Kwa kiwanda mpango huo huonekana kuwa mzuri, kwa kuwa opareta huyo sasa anaweza kubakia ovataimu bila malalamiko. Hudumu hadi nyanya aanguke mgonjwa, au hadi mtoto aanze kumwita mama yake shangazi, jambo ambalo nimewasikia wenzangu wakilisimulia wakicheka na baadaye wakalia chooni. Siku hiyo mwanamke hupanda matatu ya usiku na kiwanda hupata ujumbe wa simu. Ikiwa ni msiba, siku anazopewa mara nyingi hukatwa kutoka likizo yake ya mwaka, na mazishi ya kwetu hayaishi kwa siku mbili.

Kuna utafiti ambao wenye viwanda hupenda kuutaja. Christopher Blattman na Stefan Dercon waliwafuatilia vijana wa Ethiopia waliopewa nafasi katika viwanda na mashamba ya biashara, na katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2018 walionyesha kwamba zaidi ya robo tatu ya walioajiriwa walikuwa wameondoka kabla ya mwaka kwisha. Nimesikia matokeo hayo yakisimuliwa kama ushahidi kwamba Mwafrika hadumu kiwandani. Anayesoma zaidi atakuta kwamba waliopewa kazi hizo walipata pia matatizo mengi zaidi ya afya, na kwamba wengi wao waliichukulia kazi ya kiwanda kama mahali pa kujishikiza hadi kitu chenye nafuu kipatikane. Huo ni uamuzi wa mtu mwenye akili timamu anayelinganisha anachopewa na anachonyang'anywa.

Mimi nauthamini zaidi utafiti mwingine, uliofanywa karibu na kwetu, Korogocho, Nairobi, na kuchapishwa mwaka 2019. Akina mama waliopewa vocha za kulipia malezi ya mtoto walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na kazi, kwa takriban asilimia 17, kuliko wale ambao hawakupewa. Sehemu iliyonigusa ni ya akina mama wasio na waume. Hao hawakuongeza saa za kazi. Walizipunguza, wakahamia kazi zenye saa zinazoeleweka, na mapato yao hayakushuka. Mtu akiwa na mahali salama pa kumwacha mtoto huchagua kazi ambayo saa zake anazijua. Kiwanda kinachotaka kumweka mshonaji wa namna hiyo kinashindana na kazi yoyote yenye saa za uhakika, hata ikiwa ni ya kufagia duka.

Naongeza jambo moja kutoka Bengaluru, India, mji wenye viwanda vingi vya nguo. Watafiti waliwauliza washonaji maoni yao kuhusu kazi, mshahara na masupavaiza mara baada ya nyongeza ya mshahara iliyowavunja moyo, na walioulizwa waliacha kazi kwa kiwango kidogo kuliko wasioulizwa, ingawa mshahara wao ulikuwa ule ule. Sisemi kwamba kusikilizwa kunalipa kodi ya nyumba. Nasema tu kwamba kwetu kisanduku cha maoni kilitundikwa ukutani karibu na ofisi ya meneja, chini ya kamera.

Meneja mpya wa uzalishaji alipokuja, alileta badiliko moja ambalo sikulitarajia kutoka kwa mtu aliyekuwa mkali kiasi kile. Aliagiza kwamba ovataimu ya siku itangazwe kabla ya chakula cha mchana, iandikwe ubaoni pamoja na saa ya kutoka, na kila laini itoe majina ya watakaobaki na watakaokwenda. Aliruhusu makabati ya simu yafunguliwe saa ya chakula. Kisha akachagua opareta wachache wenye mikono myepesi, akawafundisha hatua tatu au nne kila mmoja, akawalipa zaidi kidogo, na hao ndio waliokaa kwenye kiti cha yeyote aliyekosekana. Nia yake haikuwa huruma. Alikuwa amepiga hesabu ya kazi inayofumuliwa na akachukia alichokiona. Barua zilizokuwa zikifuata oda kubwa zilipungua, na waliobaki jioni walibaki kwa hiari yao, wengi wao wakiwa wale ambao watoto wao walikuwa wakubwa na walioitaka ile mara moja na nusu. Barua za Januari ziliendelea kuja kama kawaida, kwa kuwa juu ya Januari hakugusa kitu.

Wako watakaosema kwamba haya yote ni mzigo kwa kiwanda kidogo kinachoshindana na mitumba na nguo za kuagizwa kutoka ng'ambo. Hoja hiyo siidharau, kwa sababu watu wa pande hizi wanajua kiwanda kikifa kinaacha nini. KICOMI, kiwanda cha nguo za pamba cha Kisumu, iliporomoka katika miaka ya 1990 soko lilipofunguliwa, na Rivatex ya Eldoret, iliyoanzishwa mwaka 1976, ilifuata njia hiyo, hadi iliponunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007 na kufunguliwa upya mwaka 2019 ikiwa na mitambo mipya kwa mkopo kutoka India. Katika mazungumzo yote ya kufufua viwanda niliyoyasikia tangu nikiwa mdogo, pamba ilitajwa, mitambo ikatajwa, umeme ukatajwa, soko la Marekani chini ya AGOA, mpango wa kuuza huko bila ushuru, likatajwa. Nani atakayemshika mtoto wa opareta hakutajwa, kana kwamba mitambo hiyo ingeendeshwa na watu wasio na watoto.

Kuna sehemu ya mzigo huo ambayo kwa kweli mwajiri ameachiwa peke yake. Mshahara wa miezi mitatu ya uzazi nchini kwetu hutoka mfukoni mwake mzima, naye humlipa aliyeko nyumbani na anayeshikilia nafasi yake kwa wakati mmoja. Ndiyo maana langoni, siku ya kuajiri, utasikia mwanamke akiulizwa mtoto wake ana umri gani na kama anatarajia mwingine, ingawa kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira kinakataza ubaguzi kwa msingi wa ujauzito. Rwanda ilichagua njia tofauti mwaka 2016: mwajiri na mfanyakazi kila mmoja huchangia asilimia 0.3 ya mshahara kwenye mfuko wa uzazi, mwajiri akalipa majuma 6 ya kwanza na mfuko ukalipa yanayobaki. Mchango huo ni mdogo kuliko makato ambayo hati zetu za mshahara tayari zimeyabeba. Ningekuwa na nafasi ya kuzungumza na chama cha wafanyakazi na cha waajiri katika chumba kimoja, hili ndilo ningeanza nalo, maana ni mojawapo ya mambo machache ambayo wote wawili wangefaidika nayo.

La deikea nalo lina mwenyewe, ingawa wengi hawamjui. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 limeziweka huduma za malezi ya watoto wadogo chini ya serikali za kaunti, pamoja na elimu ya chekechea. Kaunti hizo hizo ndizo zinazojenga hifadhi za viwanda kwa ushirikiano na serikali kuu, na ndizo zinazotoa leseni kwa chumba kile cha mabati Kaptembwa ambako watoto wa washonaji hulala mchana kwenye mkeka mmoja. Idara ya biashara huchora hifadhi ya viwanda, idara ya elimu huajiri walimu wa chekechea, na wale wa chekechea hufunga adhuhuri, muda wa saa nne au tano kabla ya mama kutoka kazini. Ningeomba ramani ya hifadhi yoyote ijayo, iwe Nakuru, Kisumu au Busia, isipitishwe na bunge la kaunti kabla haijaonyesha jengo la watoto ndani ya mwendo wa dakika chache kutoka langoni, na kwamba jengo hilo lifunguliwe nusu saa kabla ya zamu ya kwanza na lisifungwe hadi nusu saa baada ya ovataimu iliyoandikwa ubaoni siku hiyo. Walezi wa mtaani, ambao tayari wanaijua kazi hiyo, waajiriwe humo kwa mshahara na mafunzo badala ya kufukuzwa kwa kukosa vyeti, na ada igawanywe kati ya kaunti, kiwanda na mzazi kwa kiwango ambacho mzazi atakijua kabla ya kutia sahihi mkataba wa kazi.